Haradali hulipwa kwenye chekeche

Hotuba niliyoitoa Kisutu, Dar es Salaam, mbele ya wauza viungo, kina mama wa achari na wakulima waliotoka mikoani. Waliokosa nafasi ukumbini waliomba niiandike, nami nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na ninyi ndugu zangu wakulima mliosafiri usiku kucha kutoka Karatu, Lushoto na Njombe: assalamu aleikum, na Bwana asifiwe. Habari za asubuhi.

Kuna bakuli linapita mikononi mwenu. Naomba kila mtu achukue punje moja. Moja tu. Isugueni kati ya vidole. Inateleza, inataka kukimbia, na ikidondoka sakafuni ndiyo imekwenda. Hiyo ndiyo haradali. Wengi wetu tuliisikia kwenye mimbari kabla hatujaiona jikoni. Mkristo ameisikia tangu utotoni, kwenye mfano wa ufalme wa Mungu na kwenye mafundisho ya imani. Muislamu anaikuta katika Qurani mara mbili: katika Suratul Anbiyaa, pale mizani za uadilifu zinapowekwa Siku ya Kiyama na jambo lenye uzito wa chembe ya haradali likaletwa lipimwe, na katika Suratu Luqman, mzee anapomuusia mwanawe. Nimeuza viungo mjini hapa miaka 27. Kila ninapoimimina haradali kwenye sahani ya mizani nakumbuka kwamba kitu kidogo kilichotolewa mfano wa kupimwa kwa haki ndicho hiki kilichomo kwenye mkebe wangu. Nimekuja kuzungumza juu ya kupima na juu ya usafi, na sikupata mlango mzuri wa kuingilia kuliko huo.

Vijana walionialika waliniuliza swali moja: je, haradali ina hela? Ndiyo, inayo, kwa aliye tayari kuisafisha. Shambani haradali huota bila makuu, mtaona baadaye. Bei yake hupatikana kwenye chekeche.

Kwanza tujue tunachokisema, maana neno ni moja na mbegu ni tatu. Ipo haradali ya njano, ambayo wengine huiita nyeupe, kwa jina la kitaalamu Sinapis alba. Hiyo ni kubwa kuliko wenzake, hufika milimita 2 na nusu, na ukali wake hukaa ulimini, haupandi juu. Ipo ya kahawia, Brassica juncea, ambayo majirani zetu wenye asili ya India huiita rai. Hiyo hupanda puani mpaka machozi yatoke. Na ipo nyeusi ya asili, Brassica nigra, mmea mrefu ambao maganda yake hupasuka yakishakauka na kumwaga mbegu chini, kwa hiyo wakulima wa mashine waliiacha, wakashika ya kahawia. Mara nyingi mnayouziwa hapa mjini kwa jina la haradali nyeusi ni hiyo ya kahawia yenye rangi nzito. Simlaumu muuzaji. Na mimi niliiita hivyo miaka mingi kabla sijafundishwa.

Niliyafundishwa haya kwa hasara, nami nawasimulia ili ninyi msilipe ada niliyolipa. Miaka kadhaa iliyopita alinijia kijana na magunia 3. Aliniambia ni haradali, imelimwa milimani, na bei yake ilikuwa nzuri. Niliingiza mkono kwenye gunia, nikatazama: duara, ndogo, rangi ya kahawia. Nikalipa. Wiki ya pili akaja mama mmoja anayetengeneza achari ya ndimu, mteja wangu wa siku nyingi, na mkebe mkononi. Hakupiga kelele. Alisema, "Shemeji, hii nimesaga, nimetia siki, nimeilaza, na asubuhi haina kitu." Tukaisaga pale pale dukani, tukatia maji, tukangoja. Kweli, ilikuwa na harufu ya mbali ya majani, basi. Zile zilikuwa mbegu za chainizi, zilizozidi kwenye shamba la mbogamboga. Kijana mwenyewe alikuwa ameambiwa na mtu mwingine kwamba ni haradali. Namwamini. Mbegu hizi hata mtaalamu akizitazama kwa macho tu anaweza kubabaika.

Na kuna sababu. Mwaka 1935 mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Japani, Nagaharu U, alionyesha jinsi mimea hii ilivyooana. Haradali ya kahawia ni mtoto wa haradali nyeusi na ule ukoo wa chainizi. Na mboga ile ambayo ndugu zetu wa Arusha na Meru huiita loshuu, ambayo asili yake ni Ethiopia, ni mtoto wa haradali nyeusi na kabichi. Kwa hiyo mama wa Tengeru anayechuma loshuu jioni kwa ajili ya ugali analima ndugu wa damu wa haradali, na bibi yake aliilima kabla yake. Ninaposikia mtu anasema haradali ni zao geni kwetu, huwa namuuliza kama amewahi kula mboga Arusha. Tulichozoea sisi ni kula jani. Kungoja punje ndicho kipya.

Sasa hilo la mama wa achari, la kusaga na kungoja, naomba tulikalie kidogo, kwa sababu ndani yake kuna bei. Punje kavu haina harufu. Itafune haraka, mwanzoni utadhani unatafuna mbegu yoyote ile, kisha ndipo moto unapokuja. Ndani ya punje ya kahawia kuna vitu viwili vilivyotengwa kama wapangaji wa vyumba viwili: kimoja ni kemikali iitwayo sinigrini, kingine ni kimeng'enya kiitwacho mairosinesi. Punje ikivunjwa na unyevu ukaingia, wawili hao hukutana na ukali unazaliwa. Ukitumia maji ya moto sana, kimeng'enya kinakufa na unabaki na uji mchungu. Ukitumia maji ya baridi, ukangoja dakika kama 10, kisha ukatia siki au ndimu, ukali unatulia na kukaa. Kina mama wa achari wanalijua hili bila kuhitaji majina ya kemikali. Mpishi wa mchuzi naye hufanya kinyume: huitupa punje nzima kwenye mafuta ya moto, inapasuka, inaruka, inatoa ladha kama ya karanga. Yeye hana haja na ukali ule.

Kwa hiyo mkulima aliyevuna mbegu mbichi, akaogopa mvua, akaikausha juu ya bati lenye moto chini, anaweza kuwa amemuua yule mpangaji bila kujua. Kwa macho mbegu ni nzuri. Mpishi wa mchuzi ataichukua. Mama wa achari atairudisha. Mimi katikati nimeshalipa. Ndiyo maana siku hizi sinunui gunia kabla sijasaga kijiko kimoja na kungoja mbele ya muuzaji mwenyewe. Wengine hukasirika. Nawaambia wakae, wanywe chai, dakika 10 si nyingi.

Tukitoka dukani tutazame dunia. Katika takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, Nepal huwa juu kabisa kwa kulima haradali, lakini nyingi hubaki kwao. Anayeuza nje kwa wingi ni Kanada, na hasa jimbo moja, Saskatchewan, nchi tambarare ya ngano ambako hupanda mwezi wa tano na kuvuna kuanzia wa nane. Wafaransa wana mji wa Dijon. Jina la mji huo limeandikwa kwenye chupa za haradali kila pembe ya dunia, na hata pale Masaki kwenye maduka makubwa utalikuta. Lakini mbegu inayosagwa humo, karibu asilimia 80, ilikuwa ikitoka Kanada. Mwaka 2021 joto na ukame viliipiga Kanada na mavuno yakaanguka kwa karibu nusu. Mwaka 2022 vita ikaanza Ukraine, nchi nyingine inayolima mbegu hiyo, kama ilivyo Urusi. Kufika kiangazi cha mwaka huo rafu za Ufaransa zilikuwa tupu, na maduka mengine yalimruhusu mteja chupa moja tu. Taifa zima lenye jina la haradali lilikosa haradali, kwa sababu mvua haikunyesha kwa mkulima aliye ng'ambo ya bahari. Baada ya hapo wakulima wa Burgundy, mkoa wenyewe wa Dijon, waliongeza mashamba. Na ajabu nyingine: jina la Dijon halilindwi, mtu yeyote anaweza kutengeneza popote na kuliandika. Linalolindwa, tangu 2009, ni haradali ya Burgundy, na hiyo ni lazima mbegu itoke huko huko.

Tukio lile la 2022 ndilo lililowapa vijana wetu moto. Nilipigiwa simu nyingi. "Mzee, Ufaransa hakuna haradali, tulime, tupeleke!" Nami naipenda ile hamu, lakini nikawaomba tufanye hesabu. Kontena la futi 20 hubeba tani 20 na kitu. Mkulima wa Kanada mwenye mashine, mbolea na uzoefu hupata karibu tani 1 kwa hekta katika mwaka wa kawaida. Maana yake, kontena moja ni hekta 20, au tuseme ekari 50, zote za aina moja, zilizoiva pamoja, zilizokaushwa sawasawa, zisizo na mchanga wala mbegu ya chainizi ndani yake. Nani kati yetu leo anazo? Na mnunuzi wa kule hanunui kontena moja la kubahatisha. Anataka kujua mwakani utakuwepo.

India ni habari nyingine. Wao hulima haradali na ndugu zake kwa ajili ya mafuta, zaidi ya tani milioni 10 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na karibu nusu hutoka jimbo la Rajasthan. Hupanda mwezi wa kumi, huvuna kuanzia wa pili. Pale Jaipur, mji mkuu wa jimbo hilo, bei ya mbegu hutajwa kwa kiwango cha mafuta: wanasema haradali ya asilimia 42, na mbegu yako ikiwa chini ya hapo unakatwa. Nalipenda sana jambo hilo, kwamba mkulima na mnunuzi wanajua mapema wanapima nini. Lakini soko lile halitungoji sisi. Na sitaki tudanganyane kuhusu mafuta ya haradali. Marekani hairuhusu yauzwe kama mafuta ya kula, na Ulaya imeweka kikomo cha asidi ya eruki iliyomo, inayohofiwa kudhuru moyo. Sisi tuna alizeti ya Singida na Dodoma, na bado nchi inaagiza mawese kwa meli yaje yashushwe hapa bandarini. Anayetaka kulima mafuta alime alizeti. Haradali tuilime kama kiungo.

Tena tuna kidonda cha juzi tu. Mwezi wa nane 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi inazoagiza, tani 200,000 kwa mwaka. Mkulima wa Mtwara, wa Lindi, wa Babati, alikuwa na mbaazi stoo, alizozilima kwa ajili ya mnunuzi mmoja aliye mbali, asiyemjua. Bei iliyokuwa inazidi shilingi 1,000 kwa kilo ikashuka hadi mia chache. Nilikuwepo, niliona malori yakigeuzwa. Kuna baba mmoja aliniuliza mbele ya ghala, "Sasa nizile zote mimi?" Swali hilo halijanitoka. Mbaazi angalau familia inaweza kuzichemsha na nazi ikala. Haradali gunia zima utalifanyia nini nyumbani?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na kama kuna anayeupinga tutazungumza baadaye. Tuanze na Dar es Salaam. Tuanze na jiko la hapa. Haradali ninayouza mimi, magunia 4 kwa mwezi na zaidi kidogo msimu wa embe, imekuja na meli. Mwenzangu wa duka la tatu kutoka hapa, vivyo hivyo. Achari ya embe ya Temeke, achari ya ndimu ya Magomeni, masala zinazosagwa Kariakoo, mahoteli ya ufukweni, kumbi za harusi za Upanga: zote zinatumia mbegu iliyovuka bahari, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza mkulima wa Karatu kama anaweza. Soko hili ni dogo ukilinganisha na Ufaransa, lakini liko umbali wa basi moja, lugha ni moja, na ukikosea mteja anakuja na mkebe mkononi anakwambia umekosea wapi. Mtu hujifunzia hapo.

Nisemee usafi sasa, na hapa mtaniwia radhi nikienda polepole.

Mchanga ndio adui wa kwanza. Watu wanasema si kuna chekeche? Chekeche linatoa kilicho kikubwa na kilicho kidogo kuliko punje. Chembe ya mchanga iliyo saizi ile ile ya punje hupita pamoja nayo. Ukishapiga haradali juu ya ardhi umeshamaliza, hakuna ungo utakaokuokoa, na jino la mteja ndilo litakalotoa ripoti. Pigeni juu ya turubai. Turubai safi, lisilokuwa na tundu, lililotandikwa mbali na njia ya mifugo. Halafu kuna ujanja wa zamani ambao hata mashine kubwa zinautumia kwa namna yake: punje ya haradali ni duara. Weka ubao laini, uinamishe, mimina taratibu juu. Punje nzima hubingirika mpaka chini. Jiwe, kipande cha ganda, punje iliyovunjika hukwama au huteleza pembeni. Nimeleta ubao wangu, uko pale nyuma. Umetengenezwa na fundi seremala wa Buguruni kwa mbao chakavu.

Adui wa pili ni mbaya zaidi. Kuna mmea wa miiba unaoota kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyolala, majani yake ni ya kijani chenye ukijivu na mistari myeupe, ua lake la njano linapendeza, na ukiuvunja hutoa utomvu wa njano. Wataalamu wanauita Argemone mexicana. Mbegu zake ni ndogo, nyeusi, na kwa haraka haraka utasema ni haradali. Zitazame karibu: ngozi yake ina vishimo kama wavu, haiko laini. Mwaka 1998 mjini Delhi mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbegu hizo yaliwafanya watu kuvimba miguu, mioyo ikashindwa, makumi wakafa na maelfu wakaugua. Mmea huo upo kwetu, wengi wenu mnaujua kwa macho. Ung'oeni shambani ungali mdogo, kwa mkono wenye glovu, kabla haujatoa ua. Hili siliwekei punguzo wala mjadala. Gunia nitakalokuta mbegu hiyo ndani yake silinunui hata kwa shilingi moja.

Na la tatu linawahusu zaidi wenzangu wa maghala. Ulaya wanaihesabu haradali kati ya vyakula 14 ambavyo lazima vitajwe kwenye kifungashio, kwa sababu wapo watu miili yao haivumilii. Ukisafisha haradali kwenye mashine, kisha ukasafisha ufuta wa kwenda nje kwenye mashine hiyo hiyo bila kuifuta, umeharibu ufuta. Na kinyume chake pia ni kweli. Mwaka 2024 Uingereza mamlaka ya chakula iliwatahadharisha watu wenye mzio wa karanga wasile vyakula vyenye haradali, kwa sababu karanga zilionekana kwenye bidhaa za haradali zilizotoka India. Nani hapa hana karanga ghalani? Mimi ninazo. Sasa nimezitenga, zina chumba chake, ufagio wake na magunia yake. Ilinichukua mwezi mzima kuwazoesha vijana wangu wasibadilishe ufagio.

Kuhusu shamba nitasema machache, maana wakulima mnajua kuliko mimi na maafisa ugani wapo. Haradali hupenda baridi. Joto kali wakati wa maua huua maua, kwa hiyo aliye na shamba Kibaha asihangaike. Nchi za juu zinazolima ngano na shayiri ndizo zinazoifaa, na hutumika vizuri kubadilishana na ngano. Isifuate kabichi wala chainizi, kwani wanashirikiana magonjwa na wadudu wote, vidukari kwanza. Mbegu ni kidogo mno, kilo 5 au 6 kwa hekta zinatosha kwa ile ya kahawia, kwa hiyo changanyeni na mchanga mkavu wakati wa kusia ili isianguke mahali pamoja. Fukieni juu juu, sentimita 2. Siku 90 hadi 100 inakuwa tayari. Hesabuni ili ikomae mvua ikishakatika, na muivune asubuhi kukiwa na umande, ganda likiwa limelegea. Ukingoja saa nane mchana utasikia maganda yanapasuka na mbegu inakwenda ardhini. Ya njano haiwezi kujichavusha vizuri yenyewe, inamhitaji nyuki, kwa hiyo mwenye mizinga ana bahati, na mwenye pampu ya dawa asipulizie maua yakiwa wazi na nyuki wako kazini.

Na tafadhalini, msije dukani kwangu kununua mbegu ya kupanda. Ninayouza ni ya kula. Imechanganyika, imekaa, huijui ilikotoka. Anayetaka kupanda aanzie TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, aulize kuhusu mbegu iliyothibitishwa, hata kama itamchelewesha msimu mmoja. Bora kuchelewa msimu kuliko kujaza shamba lako mbegu ya kigeni usiyoijua.

Ikishakauka, unyevu usizidi asilimia 9 hivi. Magunia yetu ya kawaida ya salfeti yana nafasi kwenye nyuzi, na punje hii hupita popote maji yanapopita. Mwaka mmoja nilisafirisha magunia 8, moja lilikuwa na tundu dogo kama la kalamu. Lori lilipofika Ubungo gunia lile lilikuwa limelala kama mto usio na pamba. Wekeni mfuko wa ndani. Shoneni mara mbili.

Na lumbesa, kule kujaza gunia kupita kipimo, ndugu zangu, tuiache. Kwenye viazi na vitunguu inamwibia mkulima wazi wazi, na Wakala wa Vipimo wameikemea mara ngapi. Haradali tutaipima kwa kilo, kwenye mizani iliyo na muhuri wa mwaka huu, pande zote mbili zikitazama. Nilianza na ile aya ya mizani makusudi. Mimi ni mnunuzi, na najua vizuri jinsi kidole cha mnunuzi kinavyoweza kuegemea sahani. Nimewahi kuegemewa, na siku niliyogundua nilikaa nje ya duka la mtu yule nikashindwa kunyanyuka. Sitaki mkulima yeyote anyanyuke dukani kwangu akiwa na moyo ule.

Sasa nieleze nilichokuja nacho. Wenzangu 4 wa mtaa huu na mimi tumekubaliana kununua magunia 20 ya kwanza ya haradali ya kahawia itakayolimwa hapa nchini, gunia la kilo 50, sawa na tani 1. Ni kidogo, ni hekta moja iliyofanya vizuri, au robo hekta kwa kila kaya kwa kaya 4. Tumeifanya ndogo makusudi ili tukikosea tukosee kidogo. Bei tutaiandika kabla mbegu haijaingia ardhini, na theluthi moja italipwa siku ya kupanda, kupitia chama cha msingi cha wakulima, si mkononi mwa dalali. Masharti ni aina moja, unyevu uliopimwa, hakuna mchanga, na hakuna ile mbegu ya miiba. Tutasaga kijiko mbele yenu na kungoja. Ikipita, mizigo inapakuliwa na salio linalipwa siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri, ili aliyetoka mbali apate basi la kurudi.

Karatasi za makubaliano ziko pale mezani, kwa Kiswahili, kurasa 2. Msizisaini leo. Zichukueni, mkazisome na wake zenu na waume zenu, mkazipeleke kwenye kikao cha chama, mtu asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake anayemwamini. Pembeni ya karatasi kuna vibakuli 3: ya njano, ya kahawia, na ile ya chainizi iliyoniingiza hasara, maana nimebakiza kopo moja kwa ajili ya kufundishia. Kinu kipo, maji ya baridi yapo, siki ipo. Sageni wenyewe, ngojeni dakika 10, mnuse. Yule mama wa achari ya ndimu yuko hapa, amekaa safu ya mbele, amevaa kanga ya bluu. Atakayebabaika amuulize yeye.

Asanteni kwa kunisikiliza.